Je, wajua kwa nini watu zaidi ya 50,000 waliwahi kubonyeza ng'ombe asiyefanya chochote kwenye gemu la Facebook?

Tuanze na gemu lenyewe maana bila kuliona hutaamini. Unafungua unakuta kipande cha majani, juu yake kasimama ng'ombe mmoja wa kuchora. Unambonyeza, analia mooo. Basi, umemaliza, urudi yakipita masaa sita umbonyeze tena. Hakuna kumkamua, hakuna kumlisha, hazai, hafi, hanenepi, hakuna adui wala leveli ya kuvuka, yaani ni hivyo tu.

Linaitwa Cow Clicker, lilitoka Julai 2010 ndani ya Facebook, na aliyelitengeneza si kampuni ya gemu, ni profesa. Anaitwa Ian Bogost, msomi wa midia wa Marekani ambaye wakati huo alikuwa anafundisha Georgia Tech, na alilitengeneza kwa siku chache tu kama kejeli. Wazo lake lilikuwa watu waingie, wacheke, waelewe anachosema, watoke. Wakaingia kweli, ila kutoka ndo hawakutoka, na lilipofika kileleni lilikuwa na wachezaji zaidi ya 50,000.

Sasa swali ni kwa nini, na jibu halipo kwa ng'ombe.

Kuelewa lazima urudi mwaka mmoja nyuma. Juni 2009 kampuni ya Zynga ilitoa FarmVille, gemu la kilimo la bure ndani ya Facebook, na kufikia mwanzoni mwa 2010 lilikuwa na wachezaji zaidi ya milioni 80 kwa mwezi. Kama ulikuwepo Facebook miaka ile unakumbuka, hata kama hukucheza, maana ukurasa wako ulikuwa unajaa taarifa za watu waliovuna maboga na za ng'ombe mpweke aliyepotea anatafuta wa kumchukua. Ukipanda stroberi zinaiva kwa saa 4. Ukichelewa kuvuna, zinanyauka na hasara ni yako. Mimi nilikuwa mmoja wao na sioni aibu kusema kwamba niliwahi kuweka alamu ya saa tisa usiku nikavune, nikaamka, nikavuna, nikapanda tena nikalala, halafu asubuhi nikachelewa shughuli ambayo ilikuwa inanilipa pesa za kweli.

Ukiliangalia vizuri shamba lile halikuwa na ukame, adui pekee ilikuwa saa. Na dawa ya kila kikwazo ilikuwa moja kati ya mbili, toa pesa au mwite rafiki. Unataka kupanua shamba, ulete majirani wa kutosha au ulipie. Unajenga banda, misumari na mbao waombe marafiki wakutumie au ulipie. Wengi hawakulipa, kwa hiyo waliomba, na kuomba kwenyewe ndo kulikuwa kunaleta wachezaji wapya bila kampuni kuhangaika sana kuwatafuta. Ujue biashara hii haikuwa ya kitoto, maana Facebook ilipoandikisha hisa zake mwanzoni mwa 2012 ilitaja kwamba Zynga peke yake ilichangia asilimia 12 ya mapato yake ya 2011.

Bogost hakuipenda hali hii, na namna aliyochagua kuipinga inatokana na utafiti wake mwenyewe. Miaka kadhaa kabla alikuwa ameshaeleza kwamba gemu linaweza kutoa hoja kama makala inavyotoa hoja, ila hoja ya gemu haikai kwenye picha wala kwenye hadithi, inakaa kwenye kanuni zake. Chukulia gemu ambalo unaendesha maisha ya kibarua, kila mwezi kodi inazidi mshahara kidogo, na ukiumwa siku moja umeshaharibu mwezi mzima. Hakuna mtu aliyekuhutubia kuhusu umaskini, lakini baada ya nusu saa ya kushindwa umeelewa kitu ambacho hotuba isingekuelewesha. Kwa hiyo akitaka kukosoa gemu za mitandao ya kijamii, haitoshi kuandika tu, inabidi azivue nguo. Aondoe mashamba, maua, nyumba nzuri, abakize kanuni zikiwa uchi. Ndo akabaki na ng'ombe na saa sita.

Na marafiki. Hapo nilipaacha makusudi pale juu. Malisho yako yalikuwa na nafasi za ng'ombe wa wenzako pia, unaalika marafiki, na mmoja akibonyeza ng'ombe wake na nyinyi mlio kwenye malisho mnapata pointi. Pointi zenyewe zinaitwa klik. Yaani unabonyeza upate klik, na klik zinaonyesha umebonyeza mara ngapi, haziendi popote.

Mambo aliyotaka yaonekane yalikuwa manne. La kwanza ni rafiki kugeuzwa malighafi, humwaliki kwa sababu umemkumbuka, unamwalika kwa sababu ana nafasi ya kujaza. Halafu kuna ule msukumo wa kurudi usio na raha ndani yake. Kuna kichekesho cha gemu ambalo unaweza kulipa ili usilicheze, maana kwake ulikuwa unaweza kununua sarafu inayoitwa mooney, mlio wa ng'ombe uliochanganywa na neno la Kiingereza la pesa, ukaruka ile kusubiri saa sita. Fikiria mtu analipa kuruka kusubiri kitu ambacho chote ni kusubiri. La nne mimi ndo linanigusa zaidi, ni kwamba gemu la aina hii linakula hata muda ambao hulichezi, uko kwenye mazungumzo na mtu lakini kichwani unahesabu zimebaki saa ngapi.

Sasa mbona kejeli haikufanya kazi? Au tuseme ilifanya kazi kupita kiasi.

Kwanza wapo walioingia kwa utani, wakabonyeza kwa utani, na miezi kadhaa baadaye bado wanabonyeza kwa utani. Mwili haujui kwamba unafanya kejeli. Ila wapo pia ambao hawakujali kabisa hiyo kejeli, walilipenda gemu kama lilivyo, wakawa wanadai ng'ombe wapya, na Bogost badala ya kulifunga akajikuta anawatengenezea. Alichora ng'ombe wa kila aina. Kuna mmoja ambaye ni yuleyule ng'ombe wa mwanzo ila kageuzwa anaangalia upande wa pili, basi, na bei yake ilikuwa mooney 2,500, akanunuliwa. Profesa mwenyewe alikiri baadaye kwamba lile gemu lilimteka na yeye kama mtengenezaji, anaangalia namba, anafikiria aongeze nini. Hapo ndo utafiti ulipomgeukia mtafiti, na binafsi naona hii ni sehemu muhimu kuliko kejeli yote.

Maelezo yanayozoeleka ni kwamba ubongo unapenda zawadi ndogondogo, na kuna ukweli humo, mashine za kamari zinaishi kwa hilo. Lakini kwa ng'ombe huyu hayatoshi. Kamari inakuvuta kwa sababu hujui utapata nini, wakati hapa unajua kabisa utapata mooo moja. Hakuna bahati, hakuna suspensi. Kilichobaki ni wenzako.

Mwaka 1925 Mfaransa mmoja, Marcel Mauss, alichambua desturi za kupeana zawadi katika jamii mbalimbali na kuonyesha kwamba zawadi inakuja na mizigo mitatu, wajibu wa kutoa, wajibu wa kupokea na wajibu wa kurudisha. Hakuna zawadi ya bure kabisa, ndo maana ukiletewa sahani yenye kitu unaona vibaya kuirudisha tupu. Sasa ichukue hiyo uipeleke kwenye malisho ya Bogost. Mwenzako kabonyeza wa kwake, wewe umepata pointi bila kufanya kitu. Umeshadaiwa. Usipobonyeza na wewe hakuna atakayekufukuza, lakini unajisikia kama mtu aliyekula shughuli za wenzake halafu ya kwake hakualika. Kwa hiyo unabonyeza, na ukibonyeza umemdai na yeye. Deni linazunguka, ng'ombe kasimama tu pale katikati kama kisingizio.

Nafikiri hili ndo watengenezaji wa gemu zile walilielewa mapema. Hawakulazimika kuunda gemu tamu, uhusiano wenu ulikuwepo tayari kabla yao, wao waliuwekea saa na kihesabio.

Bogost alilimaliza gemu lake kwa kiyama. Kweli, alitangaza siku ya mwisho ya ng'ombe na kuweka saa inayohesabu kurudi nyuma, na ukitoa pesa siku inasogezwa mbele. Watu walitoa. Mwishowe Septemba 2011 ng'ombe wote walitoweka, wakaacha kivuli tu pale kwenye majani walipokuwa wamesimama. Ungedhani ndo mwisho. Wapo walioendelea kuja kila saa sita kubonyeza pale palipokuwa na ng'ombe, na mchezaji mmoja alipolalamika kwamba tangu wanyama waondoke gemu halinogi, profesa akamjibu kwamba hata kabla halikuwa linanoga.

FarmVille ya kwanza yenyewe ilifungwa tarehe 31 Desemba 2020, teknolojia ya Flash iliyokuwa inaiendesha ilipofika mwisho. Mashamba yameondoka, ila zile kanuni zilihamia kwenye mitandao yenyewe bila kuhitaji gemu tena. Kumlaiki mtu kwa sababu juzi alikulaiki. Kumfolo aliyekufolo. Na mfano ulio wazi kuliko yote ni striki za Snapchat, ambapo nyinyi wawili lazima kila mmoja amtumie mwenzake picha ndani ya saa 24, mkikosa siku moja tu namba inafutika.

Mpwa wangu alisafiri sehemu isiyo na mtandao, na kabla hajaondoka alimwachia mdogo wake nywila na orodha ya majina kwenye karatasi, huyu usimsahau, huyu ana siku mia tatu na kitu, huyu usipomtumia atanuna. Aliporudi kitu cha kwanza alichouliza, hata begi hajashusha, ni kama zote ziko hai. Ziko hai zote. Nikamwomba mdogo mtu anionyeshe alikuwa anawatumia nini hao watu siku zote hizo, akanionyesha, ilikuwa picha ya dari. Nikauliza na wao walikuwa wanajibu nini? Akateremsha kidogo. Dari zao.