Moto mkali haufungi maji ya nyama

"Anza na moto mkali, ufunge maji ndani!" Ukikaa karibu na jiko la nyama choma Jumapili, bia mkononi, hutakosa kulisikia hilo. Hata mimi nimewahi kulisema, tena kwa sauti ya mtaalamu.

Wazo hilo lilienezwa na mwanakemia Mjerumani, Justus von Liebig, mwaka 1847. Ni kosa. Sikiliza mbavu za mbuzi zikigusa wavu: ule mlio wa chaaa ni maji yanayogeuka mvuke. Kama lile ganda la kahawia lingeziba kitu, mlio ungekoma. Haukomi. Inua kipande uone matone yanavyodondokea makaa.

Kinachokausha nyama ni joto la ndani. Likipita nyuzi 60 hivi, nyama hujikaza na kujikamua kama nguo ya kufua.

Moto mkali kazi yake ni ladha. Protini na sukari zikipata joto la kutosha kwenye uso wa nyama uliokauka, huzaa ile rangi na harufu inayowaita majirani. Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeueleza mchakato huo mwaka 1912. Kimea cha bia nyeusi nacho hupata rangi kwa njia hiyohiyo, ndiyo maana bia hiyo na nyama choma vinapatana mdomoni.

Basi paja nene lianze kwa moto wa pole, limalizie kwenye makaa makali, kisha lipumzike dakika 10 kabla ya kisu. Wageni watanung'unika. Wapelekee kachumbari.