Kolini katika neva za wanyama wasio na uti wa mgongo: dhana potofu na ukweli

Kolini ni kirutubishi ambacho neva hukitumia kutengeneza asetilikolini, kemikali ya kupitisha ujumbe. Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba wadudu, minyoo na ngisi, kwa kuwa maumbile yao ni sahili, hupata kolini ya neva zao bila utaratibu wowote: kolini ikiwamo katika majimaji ya mwili, basi itapenya yenyewe mpaka ndani ya seli. Haiwezekani. Molekuli ya kolini hubeba chaji chanya ya kudumu, ilhali utando wa seli umejengwa kwa mafuta, na mafuta hayapitishi kwa urahisi kitu chenye chaji. Ni lazima kolini ivushwe na protini maalumu.

Uvushaji huo una njia mbili. Ya kwanza imo katika takriban seli zote, hufanya kazi vizuri pale tu kolini inapokuwa nyingi, na huilisha seli kwa ajili ya kujenga utando wake. Ya pili ni ya neva zinazotumia asetilikolini kupitisha ujumbe: hii huinasa kolini hata ikiwa haba sana, huhitaji sodiamu na kloridi nje ya seli, na huzuiwa na kemikali iitwayo hemikolinio-3. Wataalamu wakitenga miisho ya neva kutoka kwenye ubongo wa nzige na kuiweka katika mmumunyo usio na sodiamu, upokeaji wa kolini kwa njia hii huporomoka. Tena, anayeiona njia hii kuwa mali ya wanyama wenye uti wa mgongo na akumbuke kwamba mwaka 2000 watafiti wa Japani waliitambua jeni ya protini hiyo kwa kuanzia kwenye mnyoo Caenorhabditis elegans, mwenye urefu wa milimita moja hivi, ambako inaitwa cho-1. Kutoka hapo ndipo wakaifikia ya panya.

Wapo pia wanaoamini kwamba mnyama akikosa protini hiyo hufa papo hapo. Kwa panya wadogo ni karibu na kweli, maana wasio nayo hufa muda mfupi baada ya kuzaliwa. Mnyoo asiye na cho-1, kinyume chake, hukua, huzaa na hutambaa. Udhaifu wake hujitokeza akitiwa katika kimiminika, ambamo hulazimika kujipinda mfululizo: huchoka mapema kuliko mwenzake aliye mzima, kwa sababu neva zake haziwezi kujaza upya akiba ya asetilikolini kwa kasi inayotakiwa. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo la kuzingatia zaidi, kwani linaonyesha kuwa umuhimu wa upokeaji huo hupanda kadiri neva inavyofanya kazi. Kukosa kabisa kimeng'enya kinachounganisha kolini na asetili ni jambo jingine, kwani mnyoo wa namna hiyo haishi.

Dhana nyingine hutokana na vitabu vya fiziolojia ya binadamu: kwamba asetilikolini ndiyo inayoamrisha misuli kwa kila mnyama. Ni kweli kwa mnyoo tuliyemtaja. Kwa wadudu na jamii ya kamba si kweli; neva zinazosisimua misuli yao hutumia glutamati, na asetilikolini ni ya neva za hisi na, kwa wadudu, ya mawasiliano ndani ya mfumo mkuu wa neva. Ndiyo maana viuadudu vya organofosfati, vinavyozuia kimeng'enya cha kuvunja asetilikolini, humshambulia mdudu katika mfumo huo mkuu, si pale neva inapokutana na msuli. Uvunjaji huo ukizuiwa, hata kolini ambayo ingerudishwa ndani ya neva na kutumika tena haipatikani.

Si sahihi vilevile kudhani kwamba kolini yote inayoingia kwenye tishu ya neva hugeuzwa asetilikolini. Sehemu yake huongezewa fosfati na hatimaye kuwa fosfatidilikolini, mafuta ya kujengea utando.

Kuhusu chanzo chake, hakuna kanuni moja. Wadudu wengi, akiwamo nzi wa matunda, hawana uwezo wa kuitengeneza na huitegemea katika chakula. C. elegans huunda fosfokolini, yaani kolini yenye fosfati, mwenyewe kwa kuongeza vikundi vitatu vya methili kwenye fosfoethanolamini, njia ambayo mimea nayo huitumia.