Je, wajua kwa nini tumbo la mtoto hutazamwa sana mama akiwa na kisukari cha mimba?

Altrasaundi haipimi sukari. Mawimbi yake ya sauti hugonga mfupa na nyama, yakarudi na kuchora picha. Glukosi iliyomo kwenye damu hayaioni kabisa. Hata hivyo, mama aliyegundulika na kisukari cha mimba huitwa kwenye kipimo hicho tena na tena. Miongozo ya Uingereza, kwa mfano, inataka apimwe kila baada ya wiki 4, tangu wiki ya 28 hadi ya 36. Kinachotafutwa ni alama ambazo sukari huacha mwilini mwa mtoto, na alama kubwa kuliko zote iko tumboni mwake.

Kondo la nyuma hupitisha glukosi ya mama kwenda kwa mtoto bila shida, lakini insulini ya mama hailivuki. Sukari ya mama ikipanda, ya mtoto nayo inapanda, na kongosho lake dogo hulazimika kutengeneza insulini nyingi ili kuikabili. Daktari wa Denmark, Jørgen Pedersen, alilieleza jambo hili miaka ya 1950, na hadi leo ndilo msingi wa matibabu. Sasa, kwa mtoto aliye tumboni, insulini pia ni homoni ya kukuza. Ini linaongezeka, mafuta yanajaa chini ya ngozi ya tumbo, mabega yananenepa. Kichwa hakifuati mwendo huo. Kinaendelea kukua kama kawaida. Ndiyo maana mtoto huyu anaweza kuwa na kichwa cha wastani na tumbo lililotangulia mbali.

Kulipima tumbo hilo ni kazi ya mkono uliotulia. Mpimaji hutafuta mkato mmoja tu: duara safi, mfuko wa chakula wa mtoto ukionekana kama tone jeusi (ni maji, hayarudishi sauti), na mshipa unaotoka kitovuni ukiwa umejipinda ndani ya ini mfano wa ndoana. Figo zikionekana, ameteremka chini mno, arudi juu. Akishaupata mkato, anausimamisha kwenye skrini na kuuzungushia mstari wa nukta ukingoni mwa ngozi. Mtoto akigeuka, anaanza upya. Ukimwona mpimaji amenyamaza akirudia sehemu ileile mara tatu, usiingiwe na hofu: mara nyingi anatafuta duara lake.

Urefu wa mstari huo, yaani mzunguko wa tumbo, unaweza hata kubadilisha matibabu. Wanawake wawili wanaweza kuwa na vipimo vya damu vinavyofanana, mmoja mtoto wake anakua sawasawa, mwingine tumbo la mtoto limezidi la watoto 75 kati ya 100 wa umri ule. Huyu wa pili daktari anaweza kumkazia zaidi malengo ya sukari, au kumwanzishia insulini mapema. Kwangu mimi hapa ndipo kipimo hiki kinapoonyesha thamani yake, kwa sababu mtoto mwenyewe ndiye anayesema kama sukari imemzidi.

Uzito wa mtoto, kinyume na wengi wanavyodhani, haupimwi. Unakadiriwa kwa hesabu inayounganisha kichwa, tumbo na mfupa wa paja, na hesabu hiyo inaweza kukosea kwa asilimia 10 au zaidi. Mtoto aliyeandikwa gramu 4,000 huenda ana 3,600, huenda ana 4,400. Mama anayeambiwa "mtoto wako ni mkubwa" ana haki ya kulijua hilo kabla hajaamua lolote. Wasiwasi wenyewe una msingi, maana mabega mapana yanaweza kunasa baada ya kichwa kutoka. Marekani, madaktari hushauriwa kuzungumza na mama mwenye kisukari kuhusu upasuaji makadirio yakifika gramu 4,500.

Kisha kuna maji ya uzazi. Sukari ikiwa juu, mtoto hukojoa sana, kama afanyavyo mtu mzima mwenye kisukari, na mkojo huo ndio sehemu kubwa ya maji yanayomzunguka. Mpimaji hutafuta dimbwi lenye kina kirefu kuliko yote; likifika sentimita 8, maji yamezidi.

Karibu na kujifungua, hasa kwa mama anayetumia dawa, mtoto huangaliwa anavyoishi mle ndani kwa hadi nusu saa. Je, anajizoeza kupumua? Ananyoosha na kukunja kiungo, au kufumba na kufumbua kiganja? Kuna pia kipimo cha mtiririko wa damu kwenye kamba ya kitovu, ambacho husaidia zaidi pale kondo linaposhindwa kazi, kama kwa mama mwenye shinikizo la damu. Mtiririko ukiwa mzuri, hiyo haina maana kwamba sukari imedhibitiwa.

Na picha yoyote ni ya siku ile tu. Mtoto akipunguza kucheza, mama aende hospitali siku hiyohiyo, asingoje tarehe ya kliniki, hata kama altrasaundi ya juzi ilikuwa nzuri.