Fernando Rey: sauti iliyotangulia sura

Kazi yangu ni kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za nje, na kila kijana mpya akija studio humsimulia habari za mwigizaji wa filamu Fernando Rey.

Alizaliwa 1917 A Coruña, Hispania. Alikuwa akisomea usanifu majengo vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 vilipomkatiza masomo. Baba yake, ofisa wa jeshi, alikuwa upande wa Jamhuri, yaani upande ulioshindwa. Kijana akajitafutia riziki kwenye filamu, mwanzoni kama mmoja wa watu wa kujaza picha tu. Mwaka 1941 serikali ya Jenerali Franco, mshindi wa vita hivyo, ikaamuru filamu za kigeni zitiwe sauti ya Kihispania, na Rey alikuwa na sauti nzito, tulivu. Miongoni mwa aliowasemea ni mwigizaji Mwingereza Laurence Olivier.

Kazi hii inafundisha pumzi. Huna mikono wala macho ya kukusaidia. Midomo ya mwenzio ikifunga, nawe ufunge hapo hapo. Naamini ndiko Rey alikojifunza kuigiza bila kujihangaisha.

Mwongozaji Mhispania Luis Buñuel alimpa nafasi kubwa katika filamu ya Viridiana ya 1961, akiwa ameshapita miaka 40. Dunia nzima ilimjua 1971, tena kwa makosa. Mwongozaji William Friedkin alimtaka Mhispania mwingine, Francisco Rabal, kwa filamu yake The French Connection. Majina yakachanganywa, akaletwa Rey na ndevu zake za kidevuni, ambazo hakukubali kuzinyoa. Kumbe Rabal hakujua Kiingereza! Rey akabaki, na filamu ikazoa Oscar 5.

Tazama pale kwenye treni ya chini ya ardhi, New York. Polisi anamfuata, wanaingia, wanatoka. Mlango unapojifunga, Rey anapitisha mwavuli katikati, unafunguka, anaingia. Treni inaondoka, polisi kabaki nje, naye anampungia mkono taratibu. Hasemi neno.

Mwaka 1977 tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, lilimtunuku kuwa mwigizaji bora kwa filamu ya Elisa, vida mía. Mwaka huo huo, katika filamu ya mwisho ya Buñuel, Cet obscur objet du désir, Kifaransa chake kilitiwa sauti ya mwigizaji Mfaransa Michel Piccoli. Msemeaji akasemewa. Ukiitazama, mwangalie midomo: kwa jicho langu la kazi, hakuna sentensi inayomchenga Piccoli.