Kwa nini mtu maarufu, kwa Kiingereza, huwa kwenye jicho moja tu?

Kwa miaka mingi nilidhani "in the public eye" na "in the eyes of the public" ni kitu kimoja. Basi katika taarifa ya Kiingereza ya kikoba chetu nikaandika: "In the public eye, our treasurer is honest." Nilikusudia kusema kwamba machoni pa watu mweka hazina wetu ni mwaminifu. Kilichosomeka ni kwamba huyo bwana ni mwaminifu pale anapotazamwa. Akibaki peke yake na sanduku, Mungu ndiye ajuaye.

Msemo wenye jicho moja hausemi lolote kuhusu sifa ya mtu. Unasema tu kwamba anaonekana, anafuatiliwa, habari zake zinaandikwa. Mchezaji wa timu ya taifa yumo humo, ashangiliwe au azomewe. Msemo wenye macho mengi unadai hukumu: shujaa, mwongo, mwaminifu. Ndiyo maana "she is in the public eye" imekamilika, ilhali "in the eyes of the public, she is" humwacha msomaji akiuliza: ni nini?

Fikiria taa ya jukwaani na mizani ya buchani. Taa humulika aliyesimama mbele yake, awe na sauti au hana. Mizani haimuliki kitu. Kazi yake ni kusema kilo ngapi. Mimi nilikuwa napima nyama kwa taa.

La ajabu ni kwamba Kiswahili kilikuwa kimeshanionyesha. Tunamtupia mtu jicho (wapo pia wasemao macho), lakini hukumu huwa machoni: katika Mwanzo 6:8, Nuhu alipata neema machoni pa Bwana.

Usiifanye hesabu ya macho kuwa sheria, hata hivyo. "Beauty is in the eye of the beholder" (uzuri umo katika jicho la anayetazama) ni hukumu tupu, na jicho ni moja. Wanasheria wa zamani nao waliandika "in the eye of the law" bila wasiwasi. Kilichoganda, kisichogeuzwa kuwa wingi, ni "public eye" yenyewe.

Na ukiandika "people's eyes", alama ya ritifaa hukaa kabla ya s, kwa kuwa "people" tayari ni wengi. "Peoples'" ni ya mataifa.

Taarifa nimeirekebisha: "In the eyes of our members, the treasurer is honest." Mweka hazina aliisoma akasema haoni tofauti.