Kiraka cha Dirty COW na alama iliyoaminiwa mno

Kazi yangu ni kupitia viraka, yaani marekebisho ya keneli (kiini cha mfumo) ya Linux, kabla havijaingia kwenye seva. Wanaoanza kazi hii wakiniuliza wasome nini kwanza, huwaelekeza kwenye Dirty COW, mwanya wa usalama uliosajiliwa kama CVE-2016-5195 kwenye orodha ya kimataifa ya mianya. Nataka waone hasa namna ulivyozibwa, kwa sababu hoja iliyotumika kuuziba ilikuja kuzaa mianya mingine miwili.

Kwanza mwanya wenyewe. Programu iliyoruhusiwa kusoma faili tu, tuseme /etc/passwd, inaweza kuomba kurasa (vipande) za faili hiyo ziwekwe kwenye kumbukumbu yake kwa matumizi yake binafsi. Ikijaribu kuandika humo kupitia /proc/self/mem, faili inayowakilisha kumbukumbu ya programu yenyewe, keneli haikatai, ila hutengeneza nakala na maandishi yakaingia kwenye nakala (ndiyo copy-on-write, COW). Faili halisi haiguswi. Kasoro ni kwamba kazi hiyo ilifanyika kwa hatua: keneli inatafuta ukurasa, inakuta hauandikiki, inatengeneza nakala, inaondoa sharti la kuandika katika ombi lake kwa kuwa nakala ipo, kisha inatafuta tena. Kabla haijatafuta mara ya pili, uzi (thread) mwingine wa programu ileile unaita madvise kwa MADV_DONTNEED, yaani unaiambia keneli kurasa hizo hazihitajiki tena, na nakala inatupwa. Sasa keneli inakutana na ukurasa asilia wa faili, na kwa vile sharti limeshaondolewa, inaupokea na kuuandika. Mtumiaji wa kawaida keshabadilisha faili ya root, msimamizi mkuu wa mfumo.

Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alijaribu kulirekebisha tatizo hili mwaka 2005, lakini rekebisho likaondolewa kwa sababu lilileta matatizo kwenye mashine za s390 za IBM. Enzi hizo lilionekana la nadharia tu. Keneli ilivyozidi kuboreshwa ihudumie prosesa nyingi kwa pamoja, likawa rahisi kulichokoza, na mwaka 2016 Phil Oester aliinasa programu ya shambulio ndani ya trafiki ya HTTP iliyorekodiwa kwenye seva iliyovamiwa.

Kiraka cha Torvalds cha Oktoba 2016 ni kifupi. Sharti la kuandika haliondolewi tena. Inawekwa bendera ya FOLL_COW, kuonyesha kwamba nakala imeshatengenezwa, kisha keneli inakagua kama ukurasa una alama ya "dirty", ile inayosema ukurasa umeandikwa. Hoja yake: ukurasa uliopitia njia hii ukiwa na alama hiyo, basi lazima ni nakala.

Hapa ndipo ninapowaambia wasimame. Alama hiyo iko ili keneli ijue kama data inahitaji kuhifadhiwa kabla ukurasa haujaachiliwa. Haikuwekwa kuthibitisha kwamba ukurasa ni wa nani, na sehemu nyingine za keneli zina haki ya kuiweka kwa sababu zao.

Na ziliiweka. Hoja ileile ilipopelekwa kwenye kurasa kubwa, zile za MB 2 kwenye x86, kulikuwa na fanksheni ya touch_pmd iliyoweka alama ya "dirty" hata ukurasa ukisomwa tu. Mwaka 2017 watafiti wa usalama wa kampuni ya Bindecy walionyesha kwamba kwa njia hiyo mtu angeweza kuandika kwenye ukurasa mkubwa wa sifuri (uliojaa sifuri tupu), ambao programu nyingi hushirikiana na zote hutegemea ubaki sifuri. Hiyo ni CVE-2017-1000405. Kisha toleo la 5.16 likaruhusu userfaultfd, njia ya programu kushughulikia kurasa zake zinazokosekana, iweke alama hiyo kwenye ukurasa wa tmpfs (mfumo wa faili unaokaa kwenye kumbukumbu) ambao haujaandikwa, tukapata CVE-2022-2590.

Safari hii David Hildenbrand, mmoja wa watengenezaji wa keneli, aliiondoa FOLL_COW kabisa. Keneli sasa inauliza moja kwa moja kama ukurasa hautokani na faili na kama ni wa mchakato huo peke yake, kwa kutumia PageAnonExclusive, alama iliyowekwa kwa kusudi hilo. Simlaumu Torvalds kwa kiraka cha 2016: alama hii mpya haikuwepo, shambulio lilikuwa tayari mitaani, na rekebisho lilipaswa kufaa hata matoleo ya zamani.

Ukipewa kiraka kinachoegemea alama fulani, usiishie kusoma mistari iliyobadilishwa. Tafuta kila mahali alama hiyo inapowekwa, na uulize kila sehemu inaiweka kwa sababu gani. Kutafuta pmd_mkdirty, fanksheni inayoweka alama ya "dirty" kwenye kurasa kubwa, ndani ya mm/huge_memory.c kungekufikisha moja kwa moja kwenye touch_pmd.