Diski Ipo, Ceph Haiitaki: Maana ya Diski Kuwa Tayari

Wanaojenga klasta ya Ceph, yaani kundi la seva zinazohifadhi data pamoja, kwa mara ya kwanza wengi hukwama hapa: seva zimewaka, mtandao unapita, diski zimechomekwa, lakini ukiomba orodha kwa amri ya ceph orch device ls, diski haimo, au imo na pembeni yake pameandikwa No, yaani haiko tayari kutumika. Watu huanza kuchomoa kebo. Subiri kwanza, maana hayo ni matatizo mawili tofauti.

Ceph huunganisha diski za seva nyingi ziwe ghala moja. Kila diski hupewa msimamizi wake, programu iitwayo OSD, na msimamizi huyo huichukua diski nzima, hagawani na mtu. Ndiyo maana Ceph huogopa kugusa diski yenye dalili ya kuwa na mwenyewe. Kwake, diski iko tayari pale tu inapokuwa haina patisheni (sehemu zilizogawanywa), haina alama za LVM (mfumo wa Linux wa kugawa diski), haina mfumo wa faili, haitumiki na mfumo wa uendeshaji, haina mabaki ya OSD nyingine, na ukubwa wake unazidi GB 5. Sharti moja likivunjika, inakataliwa. Ni kama kiwanja chenye ukuta ulioandikwa "Nyumba hii haiuzwi": hata kama hakuna anayeishi ndani, mnunuzi mwenye akili anapita zake.

Sasa fikiria diski zinavyopatikana Dar. Ofisi ndogo ikitaka kujaribu klasta, fundi hushuka Kariakoo kutafuta diski za mtumba zilizotoka kwenye seva za watu. Muuzaji atakwambia imefutwa, na pengine ni kweli mafaili yamefutwa. Alama za mgawanyo hubaki. Mgawanyo wa aina ya GPT huweka nakala yake mwishoni mwa diski pia, kwa hiyo aliyefuta mwanzo peke yake hajamaliza kazi. Ukiongeza --wide kwenye ile amri ya orodha, Ceph yenyewe itakutajia sababu ya kukataa. Dawa ni amri ya kuisafisha diski, ceph orch device zap, ukitaja seva na diski, kisha --force. Soma jina la diski mara mbili kabla ya kubonyeza. Amri hiyo haina kurudi nyuma, na majina ambayo Linux huzipa diski hubadilika: sda ya leo inaweza kuwa sdb baada ya kuwasha upya.

Diski ikikosekana kabisa kwenye orodha, kaa kwenye seva husika uandike lsblk, amri ya Linux ya kuorodhesha diski. Ikiwa Linux inaiona, angalia kama seva hiyo imeshasajiliwa kwenye klasta kwa ceph orch host add. Bila hivyo diski zake hazihesabiwi. Na kama umeichomeka sasa hivi, orodha unayoisoma inaweza kuwa ya zamani, kwani Ceph huitunza kwa muda. Ongeza --refresh, mpe dakika chache.

Linux nayo isipoiona, mshukiwa wangu wa kwanza ni kadi ya RAID, ile inayounganisha diski kuwa kundi. Kadi nyingi za seva huficha diski yoyote ambayo haijaundiwa kundi, na mfumo wa uendeshaji haupati hata fununu. Ingia kwenye mipangilio ya kadi, uiweke katika hali ya HBA au JBOD ili ipitishe diski zilivyo. Wengine huunda RAID 0 ya diski mojamoja, yaani kundi lenye diski moja tu. Inafanya kazi, ila huficha taarifa za afya ya diski, nami siipendi.

Kuna moja inayowachosha hata mafundi wazoefu: diski inaonekana, lakini ukubwa wake ni 0. Mara nyingi ilitoka kwenye kabati kubwa la kuhifadhia data lililotumia sekta (vipande vya kuandikia data) za baiti 520 badala ya 512. Si mbovu. Ifomati upya kwa sg_format kwenda 512. Huchukua saa nyingi, na umeme ukikatika katikati itabidi uanze tena, kwa hiyo hakikisha una UPS ya kueleweka au jenereta.

Jambo la mwisho ni la aliyetumia --all-available-devices, agizo la kuiambia Ceph ichukue kila diski iliyo tayari. Agizo hilo halikomi. Diski yoyote utakayoisafisha baadaye, hata uliyotaka kwenda nayo kwingine, itachukuliwa tena papo hapo kuwa OSD, mpaka uliweke agizo kuwa --unmanaged=true.